Chungu cha Magimbi na Kikohozi cha Baba

Gimbi bichi likishamenywa hutoa ute. Sijui neno zuri zaidi la kuuita, na nimelitafuta. Ni mweupe, mzito, unavutika kati ya vidole kama kamasi ya mtoto mwenye mafua, na ukikauka mkononi huacha utando wa kijivu unaobanduka vipande vipande. Kabla ya ute kuna ganda lenye manyoya kama mguu wa mwanamume, na tope jeusi limejificha kwenye kila mkunjo. Nimekula magimbi tangu nikiwa na meno mawili, na sijawahi kuyapenda. Nyumbani kwetu Lufingo, kusema hivyo ni sawa na kusema humpendi baba yako, na mwaka ninaousimulia nilikuwa nashutumiwa yote mawili.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar. Shahada yangu ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, nami nilikuwa chini ya kabati, nikingoja majibu ya maombi ya kazi. Mama alishafariki. Nyumba iliendeshwa na shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye hupima kama chakula kimeiva kwa kukibonyeza na vidole, kukilamba, halafu kukirudisha chunguni. Nilishawahi kumuuliza kama haoni vibaya. Akaniuliza kama huko chuoni tulikuwa tunapika kwa kutumia macho.

Na alikuwepo wifi, mke wa kaka yangu. Kaka ni fundi umeme Mbeya, analala anakofanyia kazi, leo huku kesho kule, na mkewe alipofikisha mimba ya miezi saba akamleta nyumbani ili asijifungue peke yake kwenye chumba cha kupanga. Wifi ni mtu wa Lupepo. Hana maneno mengi, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anakuja mahali salama. Ndivyo kaka alivyosema, na nina hakika aliamini.

Lakini kwa wazee wetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina, hata salamu hampi. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha, au zimebakiza kidogo tu cha kuonyesha heshima. Baba hakuacha. Alikuwa na kikohozi chake kwa kazi hiyo. Akikaribia uwanja alikohoa mara mbili, kavu, kama mtu anayegonga mlango, na wifi alitakiwa awe ameshapotea kabla hajatokeza.

Kupotelea wapi? Jiko letu liko nje, limetazamana na nyumba. Lina mlango wa mbele wa uwanjani na tundu la nyuma linalotokea kwenye migomba, na pale nyuma ndipo pana mfereji tunakomwaga maji ya vyombo, maganda na kila kilichooza. Mvua za kwetu mnazijua. Kila baba alipokohoa, mwanamke mwenye tumbo la miezi saba aliruka mfereji ule na kuteremka kwenye utelezi akishika mgomba huu na ule. Alirudi na tope hadi magotini. Mara moja alirudi na ganda la ndizi lililooza limemgandia kwenye khanga, na funza wawili juu yake. Aliwapukuta kimya kimya, akaendelea kukatakata kitunguu.

Nilimfuata baba.

"Baba, akianguka je?"

"Haanguki. Mama yenu alikimbia miaka mitatu. Alianguka?"

"Kwa nini mitatu? Nani alisema inatosha?"

"Babu yenu alikula magimbi yake," alisema, kana kwamba ameeleza kila kitu.

Shangazi ndiye aliyefafanua. Kwingine wana taratibu zao. Wa ukoo wetu ulikuwa huu. Mkwe anampikia baba mkwe magimbi, mwenyewe, tangu kumenya mpaka kupakua. Yakiwa laini na matamu, mzee anamwita, anampa kuku mkononi, na kuanzia siku hiyo anapita uwanjani kama binti wa nyumba. Yakiwa mabaya, anaendelea kujificha. Nikauliza kwa nini magimbi, kwa nini si wali. Shangazi akanitazama kwa huruma. "Wali hata wewe unapika," alisema.

Basi siku ikapangwa: Jumapili, baada ya ibada, baba angekuja na wazee wawili wa kanisa, na wifi angepika. Sikuwahi kumwona mtu akitaka kitu kama wifi alivyoitaka Jumapili ile. Hakusema. Ila tangu Ijumaa alikuwa akichagua magimbi, akiyagonga kwa ukucha mmoja mmoja, akitenga yenye shingo nene, na usiku nilimsikia akimwambia kaka kwenye simu, "Jumapili nitapumzika miguu."

Jumapili asubuhi shangazi na baba walienda kanisani, sisi tukabaki kumenya. Wifi alinipa masharti kama mtu anayesoma matangazo. Gimbi likishamenywa halioshwi tena, linafutwa kwa jani. Chungu kinafunikwa kwa majani ya mgomba, hakifunuliwi ovyo. Moto haupungui mpaka mwisho. Maji yakikauka yanaongezwa ya moto tu, ndiyo maana kulikuwa na sufuria ya pili pembeni. Mikono ikiwasha, usinawe. Paka majivu, uiotee moto. Na usitamke kwamba inakuwasha, maana ukitamka itawasha zaidi.

"Hilo la mwisho ni ushirikina," nikasema.

"Labda."

"Na hayo mengine?"

"Hayo ni kupika, wifi." Akaziba mdomo, akacheka.

Kichwani mwangu niliyaweka yote kwenye kapu moja. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimejifunza kuuliza swali, lakini sikuwa nimejifunza kungoja jibu.

Chungu kilikuwa kimeshaanza kutokota, povu la kijivu likitoka pembeni ya majani na kuteremkia kwenye kuni kwa harufu ya kidimbwi, tuliposikia kikohozi. Mara mbili. Baba alikuwa ametangulia kutoka kanisani, na mvua ilimkamata akiwa uwanjani kwetu. Wifi alinitazama, akautazama moto, akatoka kwa tundu la nyuma. Niliusikia mguu wake ukiteleza, halafu kimya.

Baba hakuingia nyumbani. Alisimama chini ya upenu wa jiko, akavuta kigoda, akaketi.

"Baba, ingia ndani, ni hatua kumi tu."

"Nangoja mvua ipungue. Viatu hivi ni vya kanisani."

"Wifi yuko kwenye mvua."

"Mvua hainyeshi kwangu peke yangu, mama," alisema kwa upole, akavuta miguu yake ndani zaidi ili matone yasifike kwenye ngozi nyeusi aliyoipaka rangi alfajiri.

Aliketi pale kama saa nzima. Nilikaa upande wa pili wa ukuta wa mabanzi nikisikia anavyojisafisha fizi kwa ulimi, maana baba ana meno sita tu, na kila moja lina kazi yake. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu chuki ile ndiyo iliyopika.

Mikono ilikuwa inaniwasha hadi kwenye viwiko. Majivu niliyaona uchafu. Nikachukua ile sufuria ya maji ya moto, nikaongeza kidogo ya baridi, nikanawa yote, taratibu, mpaka ikabaki tupu. Ikawasha maradufu. Moshi ukanikaba, nikavuta kuni mbili nje. Baada ya muda chungu kikaanza kulia kile kilio cha chungu kinachokauka, na maji ya moto hayakuwepo tena. Ndoo ilikuwepo, maji ya bombani, ya baridi ya kwetu yanayouma meno. Nilijua sharti. Lilikuwa limesemwa asubuhi ileile. Nikafunua majani, nikamwaga jagi moja, nikamwaga la pili. Kutokota kukakoma papo hapo, kukawa kimya kabisa mle ndani, vipande vyeupe vimelala kwenye ute wao kama vidole vya maiti. Kulikuwa na raha fulani katika kufanya vile. Nilitaka kuona. Nilitaka hasa kwamba kisitokee kitu.

Mvua ilipopungua baba akavuka kwenda nyumbani, na wifi akarudi. Khanga ilimganda mwilini, nywele zinachuruzika. Alipeleka kiganja juu ya majani, akakiacha hapo kidogo. Akatazama sufuria tupu. Akazirudisha zile kuni mbili motoni, akapuliza mpaka machozi yakamtoka, na hakuniuliza chochote.

Tulichochea saa mbili nyingine. Kwa nje magimbi yalilegea, pembe zikaanza kumeguka, ungedhani yameiva. Lakini wifi alipochoma kijiti kilipita kidogo halafu kikagota. Katikati yalikuwa magumu, yanang'aa kama kipande cha sabuni. Wazee wawili walikuwa wameshafika na shangazi alisimama mlangoni.

"Pakueni."

"Bado, shangazi," wifi akasema.

"Bado nini? Unataka wale Jumatatu?" Akaingiza vidole, akabonyeza kipande cha juu, kile kilicholegea, akalamba, akakirudisha. "Yameiva. Pakueni."

Wifi akayageuza kwenye rojo ya karanga na nyanya aliyoitengeneza tangu asubuhi. Rojo ilikuwa nzuri sana, lazima niseme. Nami ndiye niliyebeba sinia, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kuingia. Alibaki nyuma ya mlango wa jiko, ameukamata kwa mikono miwili, akisikiliza.

Nimeona watu wakila maisha yangu yote, lakini siku ile niliona midomo tu. Baba alisali, akachukua kipande kikubwa, akakitia upande wenye meno. Akatafuna. Rojo ilimtoka pembeni mwa mdomo, akairudisha kwa kidole gumba. Halafu taya likasimama. Alikizungusha kipande, akakitoa kwenye kiganja, kimefunikwa mate na karanga, akakitazama kwa karibu kama anayetafuta jina lake. Mzee mmoja alianza kukwangua ulimi kwa meno ya juu, kwaa, kwaa. Wa pili alikuwa mstaarabu: alimeza, macho yakamtoka, akamimina kikombe kizima cha maziwa ya mgando, na mengine yakamtiririkia kidevuni.

"Yanawasa," akasema shangazi. Sauti ya "sha" haijawahi kukaa kinywani mwake. Akatema kwenye pindo la khanga yake. "Huyu mtoto ana la moyoni. Magimbi hayawasi hivi hivi. Amekuja na maneno kifuani."

Baba alifuta kiganja kwa leso. "Basi," alisema. "Ajifungue kwanza. Tutaona mwakani."

Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Na hapo, badala ya kusema jambo moja fupi, nikatoa mhadhara. Nikasema magimbi hayana habari na moyo wa mtu. Nikasema yana chembe ndogo mfano wa sindano ambazo huchoma ulimi yasipoiva vizuri. Nikasema kuna aina zinazowasha zaidi kuliko nyingine, kwamba udongo una mchango wake, kwamba tangu lini chungu kikawa mahakama. Mzee mstaarabu alitikisa kichwa kama anayesikiliza redio. Yote niliyosema yalikuwa ya kweli. Nilipanga ukweli mwingi kiasi hicho ili ule mmoja usipate pa kupita.

"Umemaliza?" baba akauliza. "Toa sinia."

Jikoni wifi alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, imevimba, bado ina tope la mfereji. Alikuwa amechukua kipande kutoka chunguni na anakila. Anatafuna kile kigumu, cha katikati, bila kukunja uso.

"Acha, kitakuwasha."

"Kinaniwasha." Akameza. "Nilikuona, wifi."

"Uliniona nini?"

"Nilikuwa kwenye migomba. Mabanzi yana nafasi. Jagi la kwanza nikadhani labda ni la moto. La pili nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona upole usoni pake. "Nimwambie nani? Yule ambaye siruhusiwi kumsemesha? Au shangazi, nimwambie binti yenu ndiye ameharibu? Wewe una mdomo nyumba hii. Nimekusikia. Umesema maneno mengi."

Sijui kama mnakifahamu kinyaa cha kujichukia, namna kinavyokaa kooni kama ule ute, hakishuki wala hakitoki. Nilirudi ndani. Walikuwa wanakula ndizi zilizobaki jana.

"Niliyaharibu mimi," nikasema. "Nilinawa kwa yale maji ya moto. Nikaongeza ya baridi. Nikavuta kuni. Wifi alikuwa kwenye mvua, baba alikuwa amekaa upenuni. Wifi alinikataza asubuhi, na nikafanya kwa makusudi, nilitaka kuona."

Shangazi akaanza kucheka, akapiga paja. "Miaka mitatu chuo kikuu! Mitatu! Na gimbi limemsinda!"

"Anamtetea mwenzake," akasema mzee wa kukwangua ulimi. "Si vibaya. Mawifi wakipendana nyumba inatulia."

"Simtetei. Nasema nilichofanya."

"Eti alitaka kuona," shangazi akasema huku akifuta machozi. "Umeona?"

"Nimeona."

Baba hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi polepole, akiangalia mikono yake, na nilitoka bila kujua kama amenisikia. Baadaye nilitafuta kwenye simu, maana siwezi kujizuia, nikakuta kwamba sharti la maji lina akili: gimbi likipoteza moto katikati hujikaza, na hata ukilichemsha siku nzima halilegei tena. Nilimsomea wifi. Akasema, "Na simu yako nayo inapika?"

Jumatatu asubuhi tulikuwa uwanjani, kweupe, ukungu umekaa juu ya migomba. Wifi alikuwa ameinama karibu na mlango wa jiko anakusanya maganda ya jana kwenye ndoo, pamoja na yale magimbi mabovu, ambayo usiku yalikuwa yametoa maji na kuwa kama nyama ya konokono. Hatukusikia kitu. Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama pembeni ya uwanja. Hakuwa amekohoa.

Wifi alimwona wakati mmoja nami. Akaacha ndoo, akageukia jiko, lakini tumbo lile halikumruhusu kugeuka haraka. Akabaki katikati, uso ameufunika kwa khanga.

"Mpike tena," baba akasema. Alikuwa anaongea na yeye. Aliangalia ardhi, lakini alikuwa anaongea na yeye. "Leo. Msiyaache mpaka yalegee kabisa, mimi meno sina. Na huyu msomi asiguse ndoo."

Chini ya kwapa alikuwa na kuku, jike la madoadoa, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Alimnyoosha mbele, mkono wote, kama mtu anayelisha mnyama asiyemzoea. Kuku akaogopa, akanya: kinyesi cheupe na kijani kikamteremka baba kwenye mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Hakuurudisha mkono. Alingoja hivyo hivyo, kinadondoka, mpaka wifi akasogea hatua tatu na kumpokea.

"Ndaga," wifi akasema, kwa sauti ndogo sana. Asante. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi, baadaye. Pale uwanjani nilichohisi ni kinyaa kilekile, kipya kabisa. Kumbe kilikuwa ni kikohozi tu. Hakikuwa sheria, hakikuwa mlima. Kilikuwa ni pumzi mbili kooni mwa mzee mmoja, na angeweza kuziacha siku yoyote: siku ya funza, siku ya mvua, siku ya kwanza. Mama yangu alikimbia miaka mitatu kwa ajili ya pumzi mbili.

Wifi alinikabidhi kuku. Akainama, akashika ile ndoo ya maganda na magimbi yaliyooza, na nilidhani atapita nyuma, kwenye tundu, alikozoea. Hakupita huko. Akazunguka kwa mbele, katikati ya uwanja, polepole, mkono mmoja kiunoni, ndoo inachuruzika, harufu inamfuata. Baba alikuwa amesimama njiani. Alipomfikia, baba akakunja kidogo suruali yake, akasogeza mguu mmoja, kisha wa pili, akampisha.